Kuteremka Milepa na Betri Iliyojaa

Izia, Sumbawanga
Jumanne

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Lushoto haiusumbui sana huo mguu uliobaki. Na mama, presha yake imetulia? Mwambie asiache dawa kwa sababu tu anajisikia nafuu, namjua. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Roho ndiyo haikai. Tangu nianze kuandika nimeinuka kitini mara sijui ngapi, naenda mlangoni, nachungulia, narudi. Mama Leokadia, mwenye nyumba wangu, ameanika ulezi uani na anaogopa nitaukanyaga wote. "We binti, hebu kaa chini! Unatafuta nini huko nje?" Natafuta gari, Baba. Liko karakana, halionekani kabisa kutoka hapa, lakini naenda kulitafuta hivyo hivyo.

Siku naondoka ulisema habari za magari nisikuletee. Nimekutii. Barua zote nimekuandikia upepo wa huku, migebuka ya ziwani na ugali wa ulezi. Leo nimeshindwa. Keshokutwa Alhamisi natakiwa kuteremka tena bondeni na gari lililotaka kutuua wiki iliyopita, na sijui kama nitaweza. Kati ya watu wote ninaowajua, ni wewe tu utakayeelewa ninachosema.

Gari lenyewe ni pikapu ya umeme. Najua umeshacheka. Mimi fundi wake pia nilicheka shirika letu lilipolileta la kupelekea chanjo kwenye zahanati za bondeni, Milepa na kwingineko. Lakini ungeliona kwenye matope ya masika ungenyamaza. Lina mota mbili, moja mbele na moja nyuma, na tairi likianza kuteleza kompyuta inahamisha nguvu kabla dereva hajajua kitu. Halina injini ya kunywa maji, viungio vyote vya nyaya vimezibwa kwa mpira, kwa hiyo mito tunavuka huku Land Cruiser za watu zimesimama zinangoja maji yapungue. Betri imelala chini ya sakafu yote, na chini yake kuna bamba la chuma la kuikinga na mawe. Nyuma kuna soketi, tunachomeka friji ya chanjo humo humo. Ubaya wake ni uzito. Betri ile ni nzito, Baba, ni kama umebeba shehena hata gari likiwa tupu.

Na uzito unaujua wewe unavyokuwa kwenye mteremko. Ila waliolitengeneza walifikiria hilo. Ukiinua mguu kwenye pedali, zile mota zinageuka kuwa dainamo, zinazalisha umeme na kuurudisha kwenye betri, na kazi hiyo ndiyo inayolishika gari. Ni kama wewe ulivyokuwa ukiteremka kwenda Mombo kwa gia namba mbili. Breki za kawaida zipo, lakini ni za kusaidia tu.

Sasa sikia. Dereva wetu ni mzee Apolinari, mtu wa Kate, ameshuka bonde la Rukwa kwa magari ya kila aina kabla sijazaliwa. Madereva wa huku wana desturi moja ambayo hawaivunji: huendi bondeni bila kujaza, kwa sababu kule chini mafuta ni ya kubahatisha. Miezi yote tuliyotumia pikapu hii tulikuwa tunachaji mjini, na mpaka tufike ukingoni mwa bonde betri imeshapungua. Wiki iliyopita tukaanza kutumia chaja mpya ya sola, iliyofungwa kwenye parokia iliyo karibu kabisa na ukingo. Apolinari akachomeka, akakaa. Tukanywa chai na Padre, tukala ugali na maharage, akaenda kuangalia, akarudi. "Bado kidogo," anasema. "Mimi sishuki Milepa na tenki pungufu." Hakuna aliyembishia, kwani hata mimi nimelelewa na dereva. Ilipojaa pomoni alifurahi kama amefunga goli.

Tukaanza kushuka. Mimi nimekaa mbele, nyuma yuko nesi Gaudensia na boksi la chanjo mapajani. Kona ya kwanza Apolinari akainua mguu, gari halikushikwa. Taa ya njano ikawaka kwenye kioo cha dashibodi. Nikaisoma. Betri imejaa, umeme wa mota hauna pa kwenda, kompyuta imeukata. Tumebaki na breki za kawaida peke yake, na uzito wote ule unatusukuma.

Akakanyaga breki. Kona ya pili zikashika, ya tatu zikashika kidogo, halafu nikaisikia ile harufu.

Nilikuwa darasa la tano nguo zako zilipoletwa nyumbani kutoka hospitali. Mama alizifua, akazifua tena, akazianika siku nzima, na bado zilinuka breki. Ndiyo harufu niliyoisikia pale, Baba, na nilijua mara moja ni nini. Sikupiga kelele. Nilishika mlango nikaita jina lako, Gaudensia ndiye aliyeniambia baadaye.

Apolinari hakupoteza muda. Aliona ukingo wa udongo upande wa mlima akalilaza gari humo, likakwaruza, likapanda jiwe, bamba la chini likakwama. Tukasimama. Vumbi likatupita likaenda zake bondeni. Gaudensia akafungua boksi akachungulia, akasema, "Chanjo ziko salama," kama vile ndizo peke yake zilizokuwa hatarini. Tulicheka, halafu mimi nikalia, sikuona aibu.

Breki zilipopoa nikamwambia Apolinari tugeuze, turudi juu, tuupande ule mlima betri ipungue ndipo tuweze kushuka. Akanitazama. "Fundi, tangu lini gari linapunguzwa mafuta kwanza ndipo literemke?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa, lakini alilinasua gari kwenye jiwe, akageuza. Kushuka hatukushuka siku ile, breki zilikuwa zimeshaungua. Chanjo zilikwenda na bodaboda kwenye jua lile la bondeni, na nesi wa Milepa akapiga simu kusema nusu zimeharibika njiani na akina mama wamerudi na watoto wao bila kuchanjwa.

Kwa hiyo nimelifanyia kazi gari. Nimebadilisha breki zilizoungua, nimekagua nyaya, nimeiwekea kompyuta kikomo ili lisichaji likajaa, na tena nimembandikia Apolinari karatasi kwenye usukani ya kumkumbusha asijaze betri kabla ya kushuka. Mkuu wangu ameridhika. Apolinari hajaridhika. Amesema mbele ya watu wote karakana: "Aliyelitengeneza akae pembeni yangu, tushuke wote. Bila hivyo funguo hizi hapa." Hana kosa. Ningekuwa mimi ningesema vile vile. Lakini nisipopanda, gari halitashuka, na watoto wa Milepa watangoja tena.

Nami naogopa. Nikifumba macho naiona ile kona ya tatu. Jana nimekaa kwenye kiti cha mbele gari likiwa limezimwa, nikashuka kabla sijafunga mlango.

Kuna kitu sijawahi kukuambia. Mwaka ule baada ya ajali, Shemeji Athumani aliegesha lori lake uani kwetu. Nilitoka kuchota maji nikakuona umekaa kwenye kiti cha dereva, magongo yako umeyaegemeza mlangoni, mikono kwenye usukani. Ulikaa muda mrefu. Nilijificha mpaka ukashuka mwenyewe. Tangu siku hiyo sijaamini kwamba unayachukia magari.

Msalimie mama. Msalimie kaka Shabani na wifi, na shangazi anayeuza matunda Soni, mwambie hapa plamu sijaziona na nazitamani. Babu imamu aniombee dua. Apolinari na Gaudensia wanakusalimu, nimewaambia nina baba dereva.

Barua hii nampa kondakta wa basi kesho asubuhi, mapema sana itakufikia Jumamosi. Nimefanya makusudi. Ningekupigia simu ungesema usiende, nami nisingekwenda. Basi ukimaliza kusoma, Baba, usinikataze, Alhamisi itakuwa imeshapita. Nipigie, uniulize breki zilikuwaje.

Mwanao akupendaye,
Zaina