Mkunga Nimefundishwa Kuosha Maiti

Jumamosi, Kibiti. Mvua imepiga tangu alfajiri, sasa imekatika. Kanga zangu ziko kambani, bado zinanukia kafuri.

Huu ni mwaka wa pili tangu nistaafu ukunga. Watu wananiita Nesi kama zamani, ila hakuna anayenigongea mlango tena. Nisiseme uongo, imeniuma. Nakaa barazani nasuka ukili wa mkeka nisioumaliza. Nimefika mahali najichosha mwenyewe.

Bi Mwanahawa, anayeosha maiti za wanawake hapa mtaani, amenikomalia muda wote huo. Magoti yamemkatalia, akiinama kuinuka ni kazi. Binti zake wanaogopa maiti. Kila tukikutana ananitaka nikajifunze, nami namjibu kwamba mimi ni mtu wa kupokea watoto, waliokwisha kufa siwajui.

Leo kafariki mama mmoja huko Dimani. Bi Mwanahawa kaja mwenyewe na bajaji, mvuani, kasimama mlangoni kajishika magoti. Nikajifunga kanga, tukaondoka.

Niliyoyaona kwa marehemu hayaandikwi. Ndilo sharti la kwanza la kazi hii.

Naandika aibu yangu tu. Tulianza upande wa kulia, maji yana majani ya mkunazi, mimi namwaga taratibu. Tulipomgeuza ubavu, maneno yakanitoka kwa mazoea ya leba: "Jikaze mama, tunakaribia kumaliza."

Wanawake waliokuwa wakitusaidia wakanigeukia wote. Nilitamani ardhi inimeze. Bi Mwanahawa hakunikemea, aliniambia tu niendelee kumwaga.

Nikaendelea. Mikono ilijua pa kushika, namna ya kubeba kichwa, namna ya kustiri. Nilifurahi, nakiri, na kufurahi msibani ni jambo la ajabu kuliandika.

Wakati wa kurudi nilimuuliza kwa nini mimi, Kibiti yote hii. Akanijibu huku anatazama barabara:

"Nilikuwa namtafuta wa kuniosha mimi, mwanangu. Leo nimempata."

Nimerudi, nimeoga, nimekunywa chai ya tangawizi. Nina miaka sitini na mbili, magoti bado mazima.

Na mimi, ataniosha nani? Kesho naanza kumtafuta.