Fidla Kubwa ya Mninga

Dodoma, Jumatatu 7 Julai 1913
Mazoezi tena nyuma ya duka la Stavro, baada ya kufunga. Mgiriki huyu hupiga fidla ya kwanza kwa sababu chumba ni chake. Ya pili ni Dominiki, fundi cherehani Mgoa, na ndiye pekee anayesoma noti za muziki. Ndahani, Mgogo wa kijiji cha Zuzu, anashika sauti ya katikati kwa zeze. Mimi sauti ya chini, kwa fidla kubwa niliyoichonga mwenyewe. Mninga wa Tabora, umekaa juani mwaka mzima. Hakuna aliyenifundisha. Kutwa naranda milango ya stesheni, jioni nawahesabia hawa mapigo. Stavro bado anameza pigo la tatu.

Jumatano 16 Julai
Mhandisi wa reli kaja kusikiliza. Tukampigia waltsi mbili, dansi za Kizungu za mapigo matatu. Hakutikisa hata mguu, kisha akasema atatupeleka Dar es Salaam, tupige hotelini mbele ya Wazungu. Wanne. Nimesikia kwa masikio yangu: wanne. Tukipendwa huko, Tanga nao watatuita. Nataka kuacha randa.

Jumamosi 26 Julai
Mhandisi naye ana fidla kubwa, ya Ulaya. Kaniletea imepasuka tumbo. Upepo wa kiangazi umeimaliza gundi, mbao imejikunja. Ndilo kosa la mafundi wote wa Ulaya: hudhani mbao iliyokauka kwao imekauka na huku. Nikaigundisha. Akasubiri huku akipiga yangu. Muda mrefu. Anapiga vizuri, afadhali niandike tu. Sikupenda alivyoishika.

Jumanne 29 Julai
Stavro kaniita pembeni. Mhandisi atakaa kwenye kiti changu, na fidla yangu. Kwenye nafasi ya Ndahani atapiga rafiki wa mhandisi aliye pwani.
"Usinitazame hivyo, fundi. Treni ni yake, hoteli ni ya wenzake. Ningefanyaje?"
Angekataa. Dominiki alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, hakuinua kichwa. Nilitaka kuificha fidla. Askari aliyetumwa na mhandisi alifika kabla ya adhuhuri, kiboko kiunoni. Nikampa.
Ndahani alicheka. "Fidla yako imepata cheo, bwana fundi. Wewe bado."
Nikacheka nami. Nina hasira mpaka meno yanauma.

Jumapili 10 Agosti
Wamerudi, wawili tu. Dominiki anasema watu walisimama kupiga makofi, na sauti ya chini ndiyo iliyosifiwa zaidi. Mhandisi akawaambia fidla ile imetengenezwa kwao Ulaya. Kapanda meli nayo, likizo. Kaniachia neno: ile iliyopasuka, aliyoiacha kwangu gundi ikauke, ni yangu, fidla kwa fidla, tumemalizana. Stavro anataka mazoezi Alhamisi kama kawaida. Sirudi kwenye chumba kile.

Jumanne 26 Agosti
Ile ya Ulaya nimeigundisha mara ya tatu, leo imefunguka tena. Nimeisukuma chini ya kitanda.
Nimepata mbao mbili za mninga, mbichi. Zinataka mwaka wa jua. Mvua zimebakiza miezi mitatu na kitu. Hesabu haikubali. Nimezipandisha juu ya paa bapa la tembe la Ndahani hata hivyo. Mvua ikija, anasema, tutaziingiza ndani, zikae juu ya moto wa mkewe. Mkewe kauliza zitakuwa nini. Ndahani kamwambia asubiri.
Jioni tumezigeuza, upande wa chini upate jua la kesho.