Mstari Uliopinda

Jumanne, Ibadakuli. Upepo tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Sina raha.

Kesho saa tatu nina usaili Geita. Kazi ya mapokezi, kampuni inayohudumia migodi. Gari langu linaondoka saa nane mchana huu, na nimeamka nikiwa bado sijui niende na kichwa gani.

Nguo zilishanisumbua vya kutosha wiki iliyopita. Nilikuwa na suti nyeusi ya mtumba, fundi ameshaipunguza kiunoni, nikajiona bosi. Neema, rafiki niliyesoma naye chuo na sasa anauza dukani huko Geita, akanitumia ujumbe wa sauti akicheka: huku wanaokuhoji wenyewe wanakuja na buti na reflekta, ukitokea na suti kamili watadhani umekuja kununua dhahabu. Nikaacha koti. Sketi nyeusi ya chini ya goti, blauzi nyeupe, viatu vya kufunika vidole. Nguo zimekwisha.

Kichwa ndicho kimebaki.

Nywele hizi alinisuka mama. Twende kilioni ya kawaida kabisa, mistari minane kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, bila rasta. Mimi nilitaka rasta ndefu. Mama alikuwa msusi wa mtaa huu tangu sijazaliwa, na alikuwa na majibu yake: usaili siyo harusi, anayekuuliza maswali auone uso wako kwanza. Nikakaa kati ya magoti yake pale kibarazani, nimenuna.

Mstari wa mwisho, juu ya sikio la kulia, ulitoka umepinda. Nilichukua kioo nikamwambia, "Mama, huu umepinda." Akaufumua, akausuka tena, ukapinda vilevile. Akasema mkono umemfa ganzi kidogo, halafu akasema nisijali, sikio litauficha. Nilikasirika. Vichwa vyote alivyosuka maisha yake, aje akosee changu.

Sikumuuliza mkono umeanza lini kufa ganzi.

Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara tatu. Sasa naiacha hapo.

Kesho yake walipiga simu kutoka Geita kwamba usaili umesogezwa mbele wiki tatu. Siku ya nne mama alianguka jikoni. Daktari alisema ni kiharusi. Hakuamka tena.

Kwetu, siku ya kuanua matanga wafiwa wananyolewa. Aliyeshika wembe ni mdogo wake mama, Mama Limbu, ambaye yeye mwenyewe alishanyolewa wa kwanza. Alimnyoa kaka yangu Masanja, akawanyoa watoto wa mjomba. Alipofika kwangu nilishika kichwa kwa mikono miwili. Alinitazama, akazitazama nywele, akaenda kwa aliyekuwa anafuata.

Watu waliona, na minong'ono ikaanza. Mama Limbu akawaambia wanawake waliokuwa wanapika, "Mwacheni mtoto. Hiyo ni kazi ya mkono wa mama yake, mnataka ainyoeje?" Wakalia upya. Mmoja alinikumbatia akasema mama ameacha binti mwenye upendo.

Ukweli ni huu, na mpaka leo asubuhi sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilishika kichwa kwa sababu niliwaza usaili. Mama alikuwa na siku tatu tu ardhini, na mimi nilikuwa nawaza watu wa Geita watamwonaje binti wa mapokezi mwenye kipara.

Tangu hapo nimekuwa nikila sifa isiyo yangu. Wanaokuja kutoa pole wananigusa nywele taratibu. Masanja, ambaye tangu utotoni hajawahi kuniachia hata kiti, siku hizi ananipisha. Afadhali wangenisema.

Na nywele zenyewe zimechoka. Zimeota chini, mistari imefifia, mbele zimesimama zinavyotaka zenyewe. Juzi nilimtumia Neema picha, akajibu bila kuzunguka: "Shoga, na hizo usiingie mapokezi ya watu. Suka upya, au njoo nikuazime wigi." Nikakaa kuwaza. Nikisuka upya, lazima nifumue alichosuka yeye. Wigi nililijaribu mawazoni nikajiona kama nimemfunika mama uso mara ya pili. Jana nikaamua basi, ninyolewe, hata kama nimechelewa na hata kama kazi itapotea.

Leo asubuhi nilinunua wembe mpya dukani nikaenda kwa Mama Limbu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anachambua choroko, kichwa chake kimeanza kuota mvi fupi fupi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mayu. Hujaondoka tu?"

Niliuweka wembe kwenye mkeka, nikasema yote kabla sijaogopa. "Siku ile sikuwa nawaza mkono wa mama. Nilikuwa nawaza kazi. Ulinitetea bure, mama mdogo. Naomba uninyoe."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Ndege ilikuwa inashuka kwenda kutua uwanjani, akasubiri kelele ipite. Nilitaka anifokee. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima.

"Na yeye alikusuka uende wapi?" akauliza.

Nikautazama wembe.

"Kabula, si nakuuliza wewe? Dada yangu alikukalisha kibarazani, mkono unamsumbua, akakusuka. Uende wapi?"

"Kwenye usaili."

"Haya. Nenda sasa."

Hapo ndipo nililia. Nimelia kilio ambacho msibani sikukilia, kwa sababu msibani nilikuwa najiangalia. Mama Limbu aliniacha nilie, akaendelea na choroko zake. Kisha akaingia ndani akatoka na kitana na kopo la mafuta, akanikalisha kati ya magoti yake kama alivyonikalisha mama. Alilaza nywele za mbele, akapitisha mafuta kila mstari, bila kufumua hata mmoja. Wembe aliuchukua akaufunga kwenye pindo la kanga. Akasema kazi nipate nisipate, Jumamosi nirudi, atanifumua mwenyewe, tutanyoa, na safari hii hakuna kushika kichwa.

Alipofika juu ya sikio la kulia, kidole chake kilisimama.

"Huu vipi? Niunyooshe? Ni dakika mbili tu."

"Hapana, mama mdogo. Huo uache."

Hakuniuliza kwa nini. Aliupaka mafuta, mara mbili nadhani, akafunika kopo.

Sasa ni saa saba. Begi liko mlangoni na Masanja amekwenda kutafuta bodaboda. Neema nimemwandikia kwamba wigi lake abaki nalo. Sijui kama watanichukua. Inawezekana kesho atakuwepo binti aliyesuka jana, kichwa kinang'aa, na ningekuwa mimi ndiye mwajiri labda ningemchukua huyo.

Nimejitazama kwenye kile kioo cha siku ile. Mama, sikio halikuuficha. Unaonekana wote, kuanzia mbele mpaka nyuma, na ndivyo nitakavyoingia nao.