Mama Mkwe Koridoni

Jumanne, Machi 1997

Itangazwe toka Katito hadi Bondo: leo nimekalia kiti cha wodini chenye miguu yote minne.

Ndugu yangu Ouma bado amelala chali. Pingili moja ya uti wa mgongo ilipasuka vipande alipoanguka kutoka juu ya paa. Jana daktari mgeni alimtia skrubu kupitia vitundu vidogo, bila kumpasua mgongo mzima. Mimi nilitarajia kidonda cha kutisha wageni. Nikaonyeshwa plasta tu, kama za mtu aliyeparurwa na paka.

Mchana akafika mama mkwe wake. Kwetu mama mkwe haoni kitanda cha mkwe, basi akabaki koridoni, ametupa mgongo, akisalimia kupitia dirisha. Ouma naye, kwa heshima, akataka kuinuka!

"Bwana, lala!" nesi akafoka. "Unataka skrubu zing'oke?"

"Siwezi kulala mbele ya mama."

"Mimi sikuoni," mama akajibu kutoka nje. "Wamekushona wapi?"

"Hawakushona sana, mama. Ni matundu tu."

"Matundu? Basi hao hawajamaliza kazi."

Wodi nzima ikacheka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu, macho yakiwa upande wa miguu ya Ouma. Daktari alisema akiweza kuchezesha vidole, kuna tumaini la kutembea. Sasa ni usiku, niko nyumbani; nimejigeuza kitandani mwangu mpaka shuka limejisokota, na bado naiona ile miguu akilini.

Ouma alicheka mpaka kitanda kikatikisika. Vidole havikusogea.