Usitafute Jogoo Mwekundu

Noëlla,

Bukari ya unga ya muhindi iko mu chungu, ifunike muzuri, paka iko karibu. Dawa ya Plamedie umupe kisha kula. Jogoo mwekundu usimutafute, miye njo nimemubeba. ~~Nitakueleza mangaribi.~~ Hapana, ninakueleza sasa, juu mama yako atanitangulia kukutelefonia.

Leo asubui balinipa liste ya bagonjwa ba kupeleka ku hospitali na gari ya viti vya magurudumu. Wa tatu: mama yako! Miaka kumi na mbili sijamuangalia uso, vile buko, heshima ya mukwe na mama-mukwe, inaomba. Na kazi yangu ni kusukuma kiti mpaka ndani na kumufunga mukaba. Akajifunika kitenge: "Mukwe asinishike!" Mugonjwa mwenzake Papa Ilunga, mwenye mukono moja tu inatumika, njo alimufunga. Dakika makumi mbili! Miye nilisimama inje, ninaangalia ziwa sawa mutu anahesabu samaki.

Njiani nikaangalia kioo, nione kama mukaba imekaza. Kitenge ilikuwa imeanguka. Macho yetu ikakutana. Akapiga kelele mpaka ku hospitali, na kule akakataa kushuka bila jogoo ya kulipia ile haya. Nikarudi naye; saa hii mama yako iko hapa inje ya nyumba mu gari, anapiga honi.

Lakini, Noëlla, mu kioo alikuwa anacheka. Anacheka sawa weye kabisa, na mwanya ya meno pale pale. Na miye nikacheka: haya ya pili.

Njo maana usitafute na ile kuku yako ya kutaga.

Baba Plamedie