Gundi Iliyoshindwa na Jasho

4 Februari

Mdogo wangu Cheche,

Habari za huko? Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha umri kila nikiinamia meza ya maabara. Mama hajambo? Msalimie sana.

Niende moja kwa moja. Hicho kifaa cha kupima sukari ulichobandika mkononi kimetoka kiwandani kwetu, na nyie mnaokivaa kwa majaribio ndio macho yetu kabla hakijaanza kuuzwa. Ganda lake ni vipande viwili, na katikati umepita uzi mwembamba wa gundi ya kuzuia maji yasiingie. Gundi hiyo niliichagua mimi. Inakauka kwa mwanga, unapiga chafya tu imeshakauka, na vipimo ilipita vyote: tuliiloweka majini, yale maji tukayamimina juu ya seli hai, seli zikaendelea na maisha yao.

Sasa kuna mwalimu mstaafu, naye yuko kwenye majaribio, ametokwa na wekundu pale pale kifaa kilipokaa. Wenzangu wanasema ni plasta. Mimi roho haijatulia. Wewe unashinda juani na jaketi la ngozi, unachomelea vyuma, unatoka jasho kuliko wote waliomo. Mkono wako vipi? Unawasha?

Niambie ukweli mtupu.

Kaka yako

6 Februari

Bwana Gundi,

Shikamoo kaka. Sisi wazima. Mama anasema umekonda kwenye ile picha uliyotuma. Nimemwambia shati ndilo kubwa.

Mkono hauna neno. Acha wasiwasi.

Habari ni hii: nimepandishwa mnara wa tangi la maji! Msimamizi hakutaka hata kusikia habari ya mgonjwa wa kisukari kukwea kule. Nikamwonyesha kifaa kinavyosoma, akakikodolea macho weee, mwisho akasema, "Haya panda. Lakini kikilia tu, unaacha kazi unakaa." Juzi kikalia. Na kaka, sikuwa nimehisi chochote, si njaa, si kutetemeka. Nikazima moto, nikakaza mkanda, nikakaa kwenye jukwaa natafuna vidonge vya glukosi huku naangalia mabati ya watu chini, mpaka namba ikapanda. Bila kifaa ungekuwa unaandikia mtu mwingine barua ya aina nyingine.

Mwaka jana mama alinikuta nimelala sakafuni jikoni, sufuria inateketea. Sirudi huko.

Na hilo ganda, mbona hamlichomelei tu mkaachana na magundi yenu? Niiteni, nitakuja na mashine.

Mdogo wako

15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, na hongera ya mnara. La kuchomelea lilinichekesha, lakini tulishajaribu kuyeyusha kingo za ganda kwa joto. Kipimo cha ndani kilikufa.

Leo sichekeshi. Mama Seli, yule mkubwa wetu wa maabara anayezilea seli kama watoto wake, aliirudia ile kazi. Safari hii hakutumia maji. Alitengeneza jasho la bandia, la chumvi, akaliweka kwenye joto la mwili. Nilimkuta ameacha hadubini, amekunja mikono. "Angalia mwenyewe," akaniambia. Seli zilikuwa zimejikunja, nyingi zimekufa. Kumbe ndani kabisa ya mshono mwanga haufiki, gundi inabaki mbichi. Maji hayaitoi. Jasho linaitoa, linaishusha mpaka kwenye ngozi.

Tukaenda wawili kwa mkurugenzi, yule tunayemwita Bwana Tarehe kwa sababu mdomoni hana neno lingine. Akatusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hizo ni seli kwenye kisahani. Mtu mliyenaye ni mmoja, na mmoja huwa ni bahati mbaya. Nileteeni wa pili, nitasimamisha." Mashine zinaanza kutoa vifaa vya kuuza mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo nakuuliza tena, na safari hii nataka picha ya mkono.

Kaka yako

24 Februari

Cheche,

Hujambo? Simu hupokei, picha hukuleta. Mama kanipigia leo. Anasema unashinda na sweta na jua hili, hata unapofua.

Sweta?

Kaka yako

25 Februari

Kaka,

Salamu nitaleta siku nyingine.

Ndiyo, unawasha. Ulianza wiki ile nilipoanza mnara. Kwanza ilikuwa wekundu, halafu malengelenge, halafu yakapasuka yakawa yanatoa maji. Nikahamishia mkono wa pili, huko nako vilevile. Sasa kipo pajani, na paja nalo limeanza. Nikienda kliniki navaa mikono mirefu, muuguzi akiuliza nasema kitu safi kabisa.

Unataka nifanye nini? Nikisema, wananitoa kwenye majaribio. Wakinitoa, msimamizi ananishusha siku hiyo hiyo, narudi kuchomelea mageti uani nikiomba Mungu sukari isishuke usingizini. Ngozi inapona, kaka. Mtu aliyeanguka kutoka mnarani haponi.

Nimekwambia kwa sababu ni wewe. Umeuliza kama kaka, nimejibu kama mdogo wako. Usiende nalo kazini. Nakuomba.

Mdogo wako

26 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Nimekwenda nalo.

Asubuhi niliingia kwa Bwana Tarehe, nikamwambia wa pili nimempata, na ni mtu wa kwetu. Akanyanyua simu akasimamisha mashine. Kliniki watakupigia leo. Tafadhali kivue kabla hawajakupigia. Kivue ukisoma hapa.

Unasema ngozi inapona. Kidonda kitapona, sawa. Lakini mwili ukishaikataa dawa iliyomo kwenye gundi ile, huenda ukaikataa maisha yako yote, na jamaa zake wamo kwenye plasta nyingine, hata kwenye dawa ya kuzibia meno. Kila siku unayokivaa unazidi kuufundisha mwili kukataa, na mwisho hutaweza kuvaa kifaa cha mtu yeyote, si chetu tu. Na ningenyamaza, watu wangapi wangefichwa na sweta kama wewe?

Najua nimekushusha mnarani kwa mkono wangu. Siombi unielewe leo. Pima sukari kwa kidole, amka usiku upime, mwambie mama akuamshe.

Kaka yako

3 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Nimeandika mara kadhaa nikafuta. Mama ananiambia upo, unakula, mikono inapona, na jina langu likitajwa unatoka nje.

Basi nikupe ya kazini tu. Tulianza na silikoni. Seli ziliipenda, lakini haishiki vizuri kwenye ganda. Maji yakapenya, vipimo vikawa vinasoma uongo. Kifaa kinachosema sukari iko sawa wakati imeshuka ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, tukaitupa. Sasa tuna gundi ya sehemu mbili, unachanganya, inaiva yenyewe mpaka ndani bila kungoja mwanga. Inakaa kwenye joto dogo usiku kucha. Bwana Tarehe analalamika kuwa ni polepole, lakini analalamika huku anaagiza matanuri. Mama Seli ameiloweka kwenye jasho lake mara tatu. Seli zinaishi. Mimi ninayo mkononi, nakimbia nayo kila jioni kama kichaa, sina hata kipele.

Lakini ngozi yangu si yako. Kwa hiyo usiniamini mimi. Nimeomba daktari wa ngozi akupime kwanza kwa viraka vya gundi mgongoni. Ukikataa, basi.

Kaka yako

20 Mei

Kaka,

Shikamoo.

Nilikwenda. Daktari alinibandika viraka vitatu mgongoni bila kuniambia kipi ni kipi. Kimoja kiliniunguza mpaka nikamwita mama anikune, naye akakataa. Viwili vilikaa kimya. Leo vimebanduliwa. Kilichowaka ni gundi yako ya kwanza. Kati ya vile viwili, kimoja kilikuwa kitupu, na kingine ndiyo gundi mpya.

Usishangilie bado. Mnara umekwisha. Wameupaka rangi, maji yameanza kutoka, na mishono ya juu kabisa aliichomelea mwenzangu, tena vibaya, naiona nikiwa barabarani. Hilo bado linanichoma, na nikisema limeisha nitakuwa nakudanganya tena. Kuna siku mbili mama aliniamsha usiku nikiwa nimelowa jasho, sijui niko wapi. Siku hizo mbili nilikuchukia kweli kweli.

Jumamosi nakwenda kuvaa kifaa kipya. Kwa kuwa mwili wangu una kisirani, wanataka ndugu akae na mimi kutwa nzima, aangalie ngozi kila saa, na awe mtu asiyekubali nikisema hakuna neno.

Nimewaambia ni wewe. Uwahi.

Mdogo wako