Muziki wa Kuwarudisha Ng'ombe

Somanda, Bariadi
Alhamisi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwangaluka, na mama naye mwangaluka. Natumaini barua hii itawakuta mko wazima, na kwamba uvimbe wa goti lako umepungua tangu mdogo wangu Winnie aliponieleza. Mimi mwili ni mzima ila roho haijatulia. Tangu Jumatatu chakula hakipiti, na usingizi naupata vipande vipande. Huku mjini malori ya pamba yameanza kuingia, kelele mtindo mmoja, lakini hata hizo nazisikia kwa mbali.

Najua utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Nimepiga mara tatu, nikakata kabla hujapokea. Barua hii nampa Sayi, kondakta wa basi la kesho asubuhi, amkabidhi Winnie mkononi ili akusomee kabla ya Jumamosi. Nakuomba sana, baba, mkutano wa sungusungu usianze kabla hujaisikia yote. Yule kinyozi Malimi asitengwe.

Ninajua ninaomba jambo gumu. Ng'ombe watatu wamekufa relini, na mmoja ni yule mwekundu mwenye mimba uliyekuwa ukimwita kwa jina. Winnie alinisimulia akilia. Alikuwa akiwatoa lamboni kunywa maji, na walipokaribia reli, mluzi wako wa kuwaita ukasikika ng'ambo, kwenye kibanda cha Malimi, ilhali wewe umelala ndani na goti lako. Ng'ombe wakainua vichwa, wakageuka, wakakimbilia huko huko. Treni ikawakuta katikati. Watu wakasema Malimi, aliyehamia Malampaka mwaka huu tu, amejifunza mluzi wako ili awavute ng'ombe wako. Mwenyewe aliapa kwamba ni gemu la simu lililokuwa likilia kwenye spika yake wakati wateja wanasubiri kunyolewa. Wakamcheka, wakaivunja simu yake. Sasa wanataka asipewe maji wala moto, mtu asikanyage kibandani kwake, mpaka ahame na watoto wake.

Baba, hujawahi kuniuliza sawasawa kazi yangu, nami nilizoea kujibu kwamba nafanya kazi ya kompyuta. Ukweli ni kwamba natengeneza muziki wa magemu hayo ya simu. Mchezaji anaangalia picha, muziki unapita chini chini. Mara nyingi hata hajui kama anausikia, lakini ndio unaomwambia aogope, akimbie, au apumzike. Ukizima sauti, fisi anayekuja ni picha tu. Ukiiwasha, mtu mzima na ndevu zake anakaza meno. Bosi wangu Onesphory, aliyeko Mwanza, aliwahi kuwapa watu gemu letu bila sauti, wakacheza dakika chache wakaweka simu pembeni.

Gemu lenyewe ni la kuchunga. Unarudisha kundi nyumbani kabla fisi hawajakufikia. Ngoma za fisi nilizipata upesi, na nilijisifu sana. Kilichonishinda ni sauti ya mwisho, ile ya kumwambia mchezaji kwamba hatari imekwisha na nyumbani ni hapa. Nilijaribu filimbi, nikajaribu kinanda. Onesphory akakataa vyote, akasema vinapendeza lakini havimwiti mtu.

Winnie, mdogo wangu, ukifika hapa usiruke neno. Msomee polepole.

Baba, Krismasi iliyopita, ulipokuwa ukiwaingiza ng'ombe zizini, nilisimama nyuma ya ua wa minyaa nikakurekodi. Nilijua desturi ya nyumbani kwetu, kwamba mluzi wa mtu ni wake, na hata mwanawe hauigi mpaka apewe. Mimi hukunipa, kwa sababu niliondoka kwenda shule kabla sijawa mchungaji. Sikukuomba kwa kuwa nilijua ungekataa. Onesphory alipousikia akasema ndio huo. Sikubadilisha chochote. Hata pale unapovuta pumzi kabla ya kupandisha sauti, pamo. Nilifikiri watu wataupenda. Sikuwafikiria ng'ombe hata kidogo.

Kosa hilo ningeweza kulibeba. Linaloninyima usingizi ni la pili. Jumatatu ulinipigia, ukaniambia Malimi anasingizia simu, ukaniuliza mimi mwanao ninayezijua mashine kama simu inaweza kuujua mluzi wako. Ukasema nitakalojibu ndilo utakalowapelekea wazee. Nilikuwa nimekaa mezani, na sauti yako iko kwenye kompyuta mbele yangu. Nikasema haiwezi. Nilikusikia ukishusha pumzi, ukanishukuru. Winnie anasema jibu langu ndilo linalozunguka mtaani sasa, kwamba mtoto wa Selestini msomi amesema haiwezekani.

Inaweza, baba. Mimi ndiye niliyeifundisha.

Jana nimeutoa mluzi wako kwenye gemu. Onesphory amekasirika, amesema nikae nyumbani kwanza mpaka aniite, na sidhani kama ataniita. Jumamosi nitapanda basi la kwanza na kompyuta yangu. Naomba ng'ombe wawe wamefungiwa zizini. Nitauwasha mbele ya mkutano, kila mtu asikie, na nitamlipa Malimi simu yake. Kama ni lazima mtu atengwe, mimi nitakuwa nimesimama pale pale. Naogopa, baba. Wazee nawaogopa, lakini naogopa zaidi uso wako utakapousikia mluzi wako unatoka kwenye mashine, na kukumbuka ulichoniuliza.

Mnisalimie mama na majirani wote wanaoulizia hali yangu. Malimi msimpe salamu zangu. Nitampa mwenyewe, na asipozipokea nitaelewa.

Mwanao,
Yakobo Selestini